Plagi Kumi na Moja Katika Kopo la Blue Band

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Uyole ile inayokufanya ushike spana kwa kitambaa. Saa moja asubuhi kijana wa bodaboda aliingia gereji kwangu akiisukuma pikipiki yake. Alikuwa ametoka Isyonje alfajiri, akaiachia iserereke kwenye miteremko, na palipoisha mteremko akashuka akasukuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Imegoma?"

Hakunijibu. Alitoa kopo la Blue Band ndani ya koti, akalimimina juu ya meza ya kazi, zikamwagika plagi kumi na moja. Zote alikuwa amezinunua tangu mwezi wa nne, moja baada ya nyingine, na zote zilimfia njiani akiwa na abiria au na gunia la viazi nyuma. Aliambiwa anunue za Kijapani, akanunua, nazo zikafa. Aliambiwa abadilishe koili, akabadilisha. Sasa ameambiwa injini imechoka, ifunguliwe, iwekwe pistoni na ringi mpya, na hela ya kazi hiyo hakuwa nayo.

Nimekuwa fundi pikipiki kwa miaka 26, minane ya mwanzo Ipogolo kule Iringa na iliyobaki hapa Uyole, Mbeya, na sijaona ugonjwa unaowamaliza vijana wa nyanda hizi kifedha kama huu. Pikipiki inakunywa mafuta kupita kiasi, mafuta yanaziba plagi kwa masizi, kijana ananunua plagi nyingine. Baada ya wiki mbili anarudi dukani. Ugonjwa huu unatibika, na mara nyingi tiba yake haizidi bei ya plagi tatu. Tena sisi mafundi ndio tunaousababisha mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, ndiyo maana nimeona niandike juu yake.

Nilimpa kijana chai, nikatandika gazeti juani, nikazipanga plagi zake zote kumi na moja kwa mstari. Kumi zilikuwa na masizi makavu, meusi tii, kama yale ya kitako cha sufuria ya kuni. Ukipitisha kidole, kinatoka cheusi. Ya kumi na moja, ile aliyoifungua asubuhi hiyo, ilikuwa imelowa na inanuka petroli. Hakuna hata moja iliyokuwa na weusi wa kung'aa na kunata kama lami.

Hapo nikajua kwamba ringi zake ni nzima. Weusi unaong'aa na kunata ni oili inayopanda kutoka chini, kupitia kwenye ringi au kwenye sili za valvu, na huko ndiko kwenye kufungua injini. Masizi makavu ni petroli isiyopata hewa ya kutosha kuungua yote. Plagi iliyolowa ni petroli iliyoingia nyingi mno hata haikuungua kabisa. Plagi nyeupe kama chaki inasema kinyume chake, kwamba mafuta yamepungua na injini inaungua kwa joto. Plagi nzima ina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Ukiiona rangi hiyo kwenye ile kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati, rudisha plagi mahali pake uende zako.

Mtu anaweza kuuliza, masizi yanaiuaje plagi wakati chuma chake ni kilekile? Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ile kauri imewekwa ili umeme usitoroke, ulazimike kuruka kwenye uwazi wa ncha na kutoa cheche. Kauri ikishavaa masizi, umeme unapata njia rahisi: unateremka juu ya masizi mpaka kwenye mwili wa plagi, na cheche haipo. Plagi imetengenezwa ijisafishe yenyewe kwa joto. Ncha yake ikifika nyuzijoto 450 hivi, masizi yanaungua na kwisha. Ikipita 850 inakuwa kaa la moto linalowasha mafuta kabla ya wakati wake, na hapo pistoni iko hatarini. Sasa chukua pikipiki inayomwagiwa petroli kupita kiasi, inapanda taratibu na magunia asubuhi yenye barafu kwenye nyasi, halafu inasimama kijiweni nusu saa ikiunguruma. Hizo nyuzi 450 itazipata wapi?

Mzee aliyenifundisha kazi Ipogolo alikuwa Mhehe, na hakukubali ushike bisibisi kabla hujasoma plagi. Mteja alipofika na kumsalimu "Kamwene", yeye baada ya kuitikia alikuwa akimwelekeza kilimani. Wanaoijua Iringa wanajua kwamba Ipogolo iko chini, kando ya barabara kuu, na mji uko juu, na kati yake kuna mpando mmoja mkali. Alimwambia mteja apande mpando ule kwa gia ya tatu, mkono wa mafuta umefunguka, na akifika juu abane klachi na kuzima injini papo hapo. Asiiache iungurume hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na spana ya plagi mfukoni. Tunasimama pembeni, nafungua plagi ikiwa ya moto, tunaisoma palepale. Sababu yake ni kwamba plagi inayofunguliwa baada ya pikipiki kuunguruma kijiweni inakueleza habari za kijiweni, haikuelezi jinsi injini inavyofanya kazi ikiwa na mzigo. Mpaka leo sijapata kipimo kizuri kuliko kile. Hapa Uyole natumia kilima cha kuelekea Isyonje.

Basi tukaanza na pikipiki ya kijana. Ni ya Kichina, ya cc 125, ukoo wa ile Honda CG125 iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabebeshwa mzigo mkubwa na kutunzwa kidogo. Kabureta yake ni rahisi, na kila kitu ndani yake kinaonekana kwa macho.

Kwanza nilitazama choki. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inamlazimu kila mtu kuvuta choki asubuhi, na wapo wanaoondoka nayo na kuisahau mpaka Mwanjelwa. Choki inaziba hewa. Ndiyo kazi yake. Wenzo wake ukilegea, unaanguka wenyewe nusu njia na mwendeshaji hajui. Ya kijana ilikuwa nzima.

Pili, ea klina. Hii ndiyo pua ya injini. Nilipoitoa ilikuwa na rangi ya udongo, na sponji imejaa oili nyeusi. Pua ikiziba, kabureta inazidi kunyonya petroli badala ya hewa. Nikaiosha kwa petroli, nikaiosha tena kwa maji ya sabuni, nikaikausha juani, nikaipaka oili kidogo na kuikamua. Hapa nina neno kwa mafundi wenzangu. Wapo wanaomwambia mteja aitoe ea klina kabisa ili pikipiki "ipumue". Ni kweli itapumua, na plagi itakuwa nyeupe kwa mwezi mmoja. Lakini peleka pikipiki hiyo Chunya, au Usangu wakati wa kiangazi mwezi wa kumi, uone vumbi lile linavyosaga silinda kama msasa. Nimefungua injini za namna hiyo na kukuta silinda imekwanguka kutoka juu mpaka chini. Kumtibu mtu plagi kwa kumuulia injini si ufundi.

Tatu, boya. Chini ya kabureta kuna bakuli, na ndani yake boya linaloelea kama lile la tangi la maji nyumbani. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma pini inayofunga njia. Pini ikichakaa ikapata mtaro kwenye ncha, au mchanga ukikaa kwenye kiti chake, njia haifungi sawasawa, petroli inapanda bakulini kupita kiasi na injini inamiminiwa tu. Boya lenyewe nalo hutoboka. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, petroli imeingia na boya limekuwa zito. Ukiwa na wasiwasi, lizamishe kwenye maji ya moto, utaona vipovu vikitoka penye tundu. Kupima kimo cha petroli sihitaji kifaa cha dukani. Nachukua mrija wa dripu, nauchomeka kwenye tundu la kumwagia petroli chini ya bakuli, naukunjia juu ubavuni mwa kabureta, nafungua skrubu. Petroli inasimama kwenye mrija kwa kimo kilekile cha ndani. Inapaswa kuwa chini ya maungio ya bakuli kwa milimita chache. Ya kijana ilikuwa imepita maungio.

Kwa hiyo pini ya boya ilikuwa mbovu. Ningeweza kuishia hapo na kumrudisha nyumbani akiwa amefurahi. Lakini plagi kumi na moja kwa miezi miwili ni nyingi mno kwa kosa la pini peke yake, nikafungua jeti.

Jeti ni kiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, na tundu hilo ndilo linaloamua petroli kiasi gani ipite. Kwenye kabureta nyingi za aina hii namba iliyopigwa juu yake ni upana wa tundu: jeti namba 110 ina tundu la milimita 1.10. Niliinua jeti ya kijana nikaielekeza kwenye jua, nikafunga jicho moja. Tundu halikuwa duara. Lilikuwa limerefuka kama jicho la sindano ya kushonea magunia, na pembeni kuna mikwaruzo inayong'aa.

"Nani alisafisha kabureta hii?"

"Kuna fundi kule kwetu. Ilikuwa inazimazima mwezi wa tatu, akaizibua."

"Aliizibua kwa nini?"

"Kwa waya wa kebo ya klachi."

Waya wa kebo ni chuma kigumu na jeti ni shaba laini. Ukichokonoa mara tatu umepanua tundu. Na usidhani ni jambo dogo: tundu la 1.10 likifika 1.15, jicho la kawaida haliwezi kuona tofauti, lakini uwazi wake umeongezeka kwa asilimia tisa, na petroli inaongezeka vivyo hivyo. Jeti ikiziba, iloweke kwenye petroli, ipulize kwa upepo wa kompresa, na ikikataa kabisa pitisha uzi wa nailoni, ule wanaovulia samaki kule Matema. Nailoni haikwaruzi shaba. Simtaji fundi yule na wala simlaumu peke yake, maana nami nilifundishwa waya mwaka wangu wa kwanza, na ni yule mzee wa Ipogolo aliyeninyang'anya.

Lakini kuna jambo la nne, na hili ndilo ambalo wenzetu wa Dar es Salaam hawana haja ya kulijua. Ni hewa yenyewe.

Petroli haiungui peke yake. Kilo moja inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa lita, lita moja ya petroli pale baharini inameza kama lita 9,000 za hewa. Mbeya mjini tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Uyole iko juu zaidi kidogo, Iringa ni kama mita 1,600. Hewa huku ni nyembamba: kila lita ya hewa inabeba pumzi pungufu kwa asilimia kama 15 kuliko ya Dar. Kwa hiyo lita ileile ya petroli hapa inahitaji karibu lita 11,000. Panda mpaka uwanda wa Kitulo, mita 2,600, kule kwenye maua yanayoitwa Bustani ya Mungu, inahitaji kama 12,000. Mtu anayepanda kwa miguu kutoka Chimala kwenda Matamba, ile njia ya kona hamsini na saba, anaisikia tofauti hiyo kifuani mwake.

Kabureta haina kifua cha kuhisi. Inavuta petroli kwa nguvu ya upepo unaopita, na upepo mwembamba unavuta kidogo zaidi, lakini haupunguzi petroli kwa kiasi kilekile hewa ilivyopungua. Hewa ikipungua asilimia 15, petroli inapungua kama nusu ya hapo tu. Nusu inayobaki ndiyo ziada, asilimia nane hivi ya petroli isiyo na mwenzake wa hewa. Kwenye pikipiki nzima ziada hiyo unaivumilia: plagi inakuwa kahawia nzito, nguvu inapungua kidogo, basi. Lakini ijumlishe na asilimia tisa za waya wa klachi, uongeze pini ya boya isiyofunga na ea klina iliyojaa udongo. Ndivyo kopo la Blue Band lilivyojaa.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Huko Kanada na Marekani kuna vyombo vya kupita juu ya theluji, na injini za vile vya zamani ni za kabureta kama za pikipiki, nyingi zikiwa za stroki mbili. Vimefungwa jeti kubwa kwa sababu hewa ya baridi kali ni nzito na inahitaji petroli nyingi. Mwenye chombo akikipandisha milimani, au siku ikiwa na joto kuliko kawaida, kinaanza kuua plagi kama pikipiki ya Isyonje. Tofauti ni kwamba wao wanapewa jedwali linaloonyesha kimo fulani na joto fulani vinataka jeti namba ngapi. Pikipiki zinazouzwa Mbeya na zinazouzwa Tanga zinatoka kwenye kreti moja na jeti moja, na sijawahi kuona muuzaji akimwambia mteja wa Makete kwamba jeti hii ni kubwa kwake.

Kwa kijana nilifunga jeti mpya, ndogo kwa namba moja kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Nikaweka pini mpya ya boya. Kisha nikagusa sindano, ile ndefu inayoning'inia ndani ya kabureta na kupanda ukivuta mafuta. Juu yake ina mitaro mitano midogo na klipu moja. Klipu ikikaa mtaro wa katikati ndiyo hali ya kiwandani. Nikaipandisha mtaro mmoja, sindano ikashuka, petroli ikapungua pale ambapo bodaboda anaishi siku nzima, yaani mkono ukiwa robo mpaka robo tatu. Jeti kubwa inatawala hasa pale mkono unapokaribia kufunguliwa mpaka mwisho, na bodaboda wangapi wanafika huko na gunia la lumbesa nyuma?

Ipo pia skrubu ndogo ya ubavuni, inayotawala injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta. Hapa nimeona mafundi wengi wakipotea, kwa hiyo nitasema polepole. Skrubu ikiwa upande wa ea klina, inapitisha hewa: ukiilegeza unaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, inapitisha mafuta: ukiilegeza unayaongeza. Kabla ya kugusa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko mpaka igote bila kuibana, uandike hesabu hiyo ukutani kwa chaki. Ukipotea, unarudi ulikotoka.

Baada ya hapo nilichomoa kijiti cha oili, nikanusa. Ilinuka petroli, na kimo kilikuwa kimepita alama ya juu, ingawa kijana aliapa hajaongeza oili tangu Pasaka. Hii ndiyo hasara ambayo watu hawaioni. Petroli isiyoungua inaosha ukuta wa silinda, inateremka chini, inaifanya oili kuwa maji. Pikipiki ikiendelea hivyo miezi sita, zile ringi ambazo zilikuwa nzima zinakufa kweli, na yule aliyesema injini imechoka anaonekana alisema kweli. Nikamwaga oili yote nikaweka mpya.

Zile plagi hatukuzitupa. Nilizisugua kwa brashi ya waya mwembamba, nikaziosha, nikaziacha juani mpaka zikauke kabisa, nikapima uwazi wa ncha kwa blade ya msumeno wa chuma. Blade hiyo ina unene wa milimita 0.6 na kitu, na uwazi unaotakiwa kwenye plagi hizi ni 0.6 mpaka 0.7, kwa hiyo ikipita kwa kugusa kidogo pande zote mbili inatosha. Plagi saba kati ya kumi na moja zilitoa cheche ya bluu yenye mlio. Kijana aliziangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amenunua kila moja kwa hela ya abiria.

Nisije nikaeleweka kwamba kila plagi nyeusi ni ya kabureta. Koili dhaifu, kofia ya plagi iliyopasuka na kuvujisha umeme wakati wa ukungu, valvu zilizobanwa mno, vyote vinaleta masizi. Hata petroli ya chupa inayouzwa vijijini, ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, inaungua vibaya na kuacha weusi. Tangu mwaka 2010 petroli ya vituoni inawekwa vinasaba ili uchakachuaji ugundulike, lakini chupa iliyoko juu ya kigoda kando ya barabara haina wa kuipima. Na wako wanaotibu kwa kufunga plagi ya joto zaidi. Kwa plagi za NGK namba ndogo ndiyo ya joto zaidi, kwa mfano D7EA mahali pa D8EA. Mimi naifanya mara chache, kwa anayeishi Kikondo au Kitulo na hashuki, na nikiwa nimeshahakikisha kabureta ni safi. Ukianza na plagi ya joto unaficha ugonjwa.

Nami namwonya kila ninayempunguzia jeti: ukishuka, mambo yanageuka. Ziwa Nyasa liko mita 474 tu juu ya bahari. Pikipiki iliyorekebishwa kwa Kitulo ukaipeleka Kyela na mzigo, jua la saa nane, mkono mpaka mwisho, itapungukiwa mafuta na kuchemka. Kadhalika anayetoka Mafinga akateremka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni. Kwa wa namna hiyo natengeneza katikati, jeti ileile ya kiwandani na sindano mtaro mmoja, naye avumilie kahawia nzito akiwa juu. Plagi nyeusi inakugharimu plagi. Plagi nyeupe inakugharimu pistoni.

Hilo wakata mbao wa Sao Hill wanalijua kwa uchungu. Msitu ule wa Mufindi una zaidi ya hekta 135,000, na chenso zake ni injini za stroki mbili zinazopata oili kutoka ndani ya petroli yenyewe. Nilipokuwa Iringa nilitengeneza nyingi. Kijana anaona plagi nyeusi, anakaza skrubu ya mafuta mpaka chenso inalia kwa sauti nyembamba kama mbu, anafurahi kwamba imepata nguvu, na kabla ya saa sita mchana pistoni imenata kwenye silinda. Kumbe kosa lilikuwa kwenye dumu: alipima oili kwa kukisia. Mchanganyiko wa moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Bomba la sindano la hospitali linapima hilo kwa shilingi chache.

Na wale wenye jenereta huko Makete na Njombe, injini inayopata petroli kupita kiasi inatoa hewa ya sumu nyingi zaidi, isiyo na rangi wala harufu. Baridi isikufanye uiwashe ndani ya chumba ulichofunga madirisha.

Kijana wa Isyonje alirudi mwezi wa nane. Safari hii alikuja ameendesha. Nilimpeleka kilimani kama nilivyofundishwa, gia ya tatu, tukazima juu, nikafungua plagi ikiwa ya moto. Ilikuwa ileile niliyomfungia mwezi wa sita, moja kati ya zile saba za kopo, na kauri yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa akipata kilomita 24 kwa lita. Sasa anapata 36, mzigo uleule, njia ileile. "Ndaga fundi," akashukuru, akateremka kupakia abiria.

Ewe mwenye pikipiki inayokula plagi, uwe Uyole, Kihesa, Tukuyu au Mafinga: plagi mbovu usiitupe. Ifunge kwenye karatasi, andika tarehe na njia uliyokuwa ukipita, umpelekee fundi wako kabla hajafungua chochote. Akichukua waya wa klachi kuizibua jeti, mshike mkono.